Mashavu ya Kadijah

Rosa Kiden alijifunza kudarizi akiwa msichana mdogo mjini Yei, akikaa mkekani ubavuni mwa mama yake. Walichokuwa wakidarizi ni milaya, shuka kubwa la pamba linalotandikwa kitandani kwa maharusi, lililojaa maua, ndege na majina kwa nyuzi za rangi, na pembeni limefumwa taraza. Kwa watu wa huko, mama anayemwoza binti yake bila milaya husemwa mpaka apate wajukuu. Kwa hiyo vita ilipomtoa Rosa Yei akavuka mpaka kuja Uganda na mume wake Kenyi pamoja na watoto, kazi aliyoibeba kichwani haikuweza kuporwa njiani. Alipata chumba Koboko, nyuma ya soko, na baada ya muda mfupi wanawake walianza kumuulizia.

Milaya kubwa ya harusi haishonwi na mtu mmoja. Hushonwa na wanawake wawili. Mmoja huanzia upande wa kichwa, mwingine upande wa miguu, wakisogeleana siku hadi siku. Katikati huachwa wazi. Siku ya kukagua, upande wa bibi harusi huja, hupapasa mishono kwa vidole, kisha huamua nani kati ya wale wawili atajaza katikati, mahali pa tausi wawili. Atakayepewa katikati ndiye ambaye jina lake litatajwa watu watakapoingia chumbani kuitazama. Yule mwingine hulipwa sawa, lakini hakuna anayemkumbuka.

Rosa alikuwa amezoea kupewa katikati.

Ugonjwa ulianza jicho la kushoto. Liliwaka wekundu, likauma, na mwanga wa mchana ukawa kama mtu anamchoma kwa kijiti. Alidhani ni vumbi la barabara, akanunua dawa ya matone, jicho likatulia, likawaka tena. Baadaye alianza kuona vidoti vyeusi vikielea, kisha ukungu. Alipofika Arua, kwa mtaalamu wa macho aliyeitwa Jada, jicho la kushoto lilikuwa limeshabakiwa na kivuli tu: angeweza kujua kwamba mtu amesimama mbele yake, lakini asijue ni nani. Na jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza.

"Huu si ugonjwa wa vijidudu, Mama Tongun," Jada alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Hakuna aliyekuambukiza, na wewe huwezi kumwambukiza mtu. Ndani ya mwili wako kuna jeshi. Kazi yake ni kupigana na malaria, na vidonda, na kila kinachoingia. Sasa jeshi hilo limekosea. Linaona jicho lako kama adui."

Kenyi, aliyewahi kuwa askari na ambaye baba yake pia alikuwa askari, aliegemea mbele kwenye benchi.

"Yaani jeshi yake mwenyewe iko napiga raia?"

"Ndivyo, mzee."

"Na MP, polisi ya jeshi, hakuna huko ndani?"

Jada alicheka, lakini alimtazama Kenyi kwa heshima, kwa kuwa swali lilikuwa zuri kuliko alivyotarajia. "MP wapo. Kuna seli ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao, kuwaambia acheni, huyu ni wetu. Kwa wagonjwa kama mama huyu ni kama hawatoshi, au wamelegea."

Tangu siku ile, nyumbani kwa Rosa seli zile hazikuitwa kwa jina jingine. Ziliitwa MP.

Kwa muda alitibiwa kwa matone na vidonge vidogo vyeupe, ambavyo Jada alimpa kwa uangalifu mkubwa, akivipunguza taratibu, akimwonya kwamba vikizidi huharibu mifupa, hupandisha sukari, na huweza hata kupandisha presha ndani ya jicho lenyewe. Jicho la kulia lilitulia, likawaka tena, likatulia. Rosa alijua kwamba jicho hilo likienda, mikono yake itabaki na ujuzi usio na mahali pa kutua. Hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote. Alishona tu.

Ni kwenye benchi la kliniki hiyo, huko Arua, alipomkuta Kadijah.

Walikuwa wakijuana kwa mbali. Kadijah, ambaye watu walimwita Mama Ladu, alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Koboko hapo hapo, binti wa sajenti wa zamani, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya soko. Naye alidarizi milaya. Naye alikuwa amevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Walitazamana, wakatambuana ugonjwa kabla hawajasalimiana.

"Hata weye, Mama Tongun?"

"Hata mimi, Mama Ladu."

"Basi Koboko imekwisha. Nani atashona?"

Walicheka wote wawili. Kuanzia hapo walisafiri pamoja kwenda Arua siku za kliniki, wakakopeshana nyuzi, na familia moja ya wafanyabiashara ilipotaka milaya kwa ajili ya harusi ya binti yao Harriet, wakakubaliana kuishona wawili. Rosa alianzia kichwani, Kadijah miguuni. Shuka lilitandazwa uani kwa Kadijah, chini ya turubai la kuzuia jua.

Wakati huo huo Jada aliwaita kuwaeleza habari mpya. Madaktari wa chuo kikuu kimoja huko Kampala, pamoja na wenzao wa nje, walikuwa wameanza utafiti mdogo. Damu ya mgonjwa ingechukuliwa, ipelekwe maabara. Huko wangechagua zile seli za kutuliza, wazilee mpaka ziwe nyingi, kisha wamrudishie mwenyewe kwa dripu, mara mbili, kwa kupishana miezi michache.

"Na hiyo inaponyesha?" Kadijah aliuliza.

"Hatujui bado, mama. Tungejua tusingefanya utafiti." Jada aliongea polepole. "Na lazima mnisikilize hapa. Nusu ya watu watapewa mfuko wenye seli. Nusu watapewa mfuko wenye maji ya chumvi tu. Mifuko inafanana. Mimi sijui nani kapata nini, na ninyi hamtajua mpaka mwisho. Matone yenu mtaendelea nayo kama kawaida, na jicho likiwaka tutalitibu hapo hapo. Hakuna atakayeachwa. Lakini dawa yoyote nyingine, hata kidonge cha kichwa, mniambie kwanza. Ukimeza kitu kwa siri, unajidhuru, na sisi hatutajua ni nini kilichokusaidia."

Wote wawili walikubali. Damu ilitolewa. Baada ya wiki kadhaa mifuko ikaja kwa ndege katika sanduku la baridi, na Rosa na Kadijah wakalala kwenye vitanda viwili vilivyokaribiana, kila mmoja akiutazama mfuko wa mwenzake kuliko wake.

"Yako iko na rangi kidogo," Rosa alisema.

"Hakuna rangi. Ni mwanga."

"Iko na rangi."

Hapo ndipo wivu ulipoingia, ingawa siku hiyo Rosa aliuita udadisi.

Mwezi haukuisha, mashavu ya Kadijah yakaanza kujaa. Uso wake uliokuwa umekonda kwa maumivu ukawa mviringo, ngozi ikanyooka na kung'aa. Aliacha miwani nyeusi. Alikaa uani mwanga ukimpiga, akashona bila hata kukunja uso. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama.

"Mama Ladu! Unakula nini? Umependeza kama bibi harusi!"

"Ni Mungu tu. Na damu yangu mwenyewe, wamenirudishia."

"Ai! Na weye, Mama Tongun, yako hawajarudisha?"

"Wamerudisha," Rosa alijibu, bila kuinua kichwa.

Huku kwetu, mtu akinenepa uso, watu humhesabia heri. Hakuna anayesema ni ugonjwa. Mke aliyerudi kwa mumewe na mashavu yamejaa, hata mama mkwe hunyamaza. Rosa alikuwa ameamini hivyo tangu utotoni, na sasa imani hiyo ilimkaa kooni kila asubuhi alipofika uani na kuyakuta mashavu yale yakimngoja, yakicheka.

Nyumbani alijitazama kwenye kioo kidogo kwa jicho la kulia. Mifupa ya uso ilikuwa pale pale. Jicho lenyewe halikuwa baya. Halikuwaka tangu mfuko ule. Lakini hakulifikiria jicho. Alifikiria mashavu.

"MP wote wamepangiwa kwa Mama Ladu," alimwambia Kenyi.

"Labda yako iko njiani. Iko Karuma pale, njia ya kutoka Kampala, kwa kizuizi, inaomba chai."

"Weye cheka tu."

"Mimi nasema, mama, jicho yako inauma?"

"Hapana uma."

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Nasema."

Kulikuwa na jambo ambalo hata Kenyi hakulijua. Kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kumemshinda Rosa mbele za watu. Kwa jicho moja, tundu la sindano lilisogea kila alipolifuata, na hakutaka Kadijah amwone akikosa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kwa hiyo kila alfajiri, nyumbani, peke yake, alizitunga sindano zote za siku ile kwa kupapasa, akilamba nyuzi na kuzichongoa kwa meno, kisha akazichomeka kwenye kipande cha sponji ya godoro. Alipofika uani, alichomoa moja, akaimaliza, akachomoa nyingine. Kadijah alitazama sponji ile, akarudi kwenye mshono wake. Rosa aliona anatazama, akafurahi.

Siku ya kukagua, Harriet alikuja mwenyewe pamoja na shangazi yake. Harriet alikuwa msichana mpole aliyeona haya kulitazama shuka lake. Shangazi ndiye aliyepiga magoti na kupapasa. Alipapasa upande wa kichwa, akasema ni safi. Alipapasa upande wa miguu, akasema ni safi. Kisha akainuka, akamtazama Kadijah usoni.

"Katikati afanye huyu. Afya imerudi. Macho yake imefunguka. Milaya ya harusi inataka mkono ya mtu mwenye heri."

"Ahsante, mama," Kadijah alisema, na mashavu yakapanda mpaka yakakaribia kuziba macho.

Rosa alikunja kitambaa chake cha mapajani taratibu sana. Njiani kurudi nyumbani alizungumza peke yake, na mwanamke mmoja aliyemsalimu hakuitikiwa.

"Siendi tena Arua," alimwambia Kenyi alipoingia. Mfuko wa pili ulikuwa unakaribia.

"Haiwezekani. Daktari anakungoja."

"Amngoje Mama Ladu. Mimi nilipewa maji. Maji ya chumvi hata Koboko iko, nitachemsha mwenyewe."

"Rosa." Kenyi hakumwita hivyo mara nyingi. "Weye iko na jicho moja. Moja tu. Unataka kucheza nayo kwa sababu ya mashavu ya mutu?"

"Umeyaona hayo mashavu?"

"Nimeyaona."

"Basi umeyatazama sana."

Kenyi alitoka nje kwa hasira, akaenda kukaa na wenzake. Rosa alibaki na uamuzi wake, na uamuzi ulikuwa mchungu, maana alijua mume wake anasema kweli. Lakini kila alipojaribu kujiona amelala tena kwenye kitanda kile cha Arua, aliiona pia sura ya mviringo kwenye kitanda cha pili, na watu wakipita wakisema, huyu ndiye aliyepona.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la dawa la Akram, kijana mcheshi aliyeuza pia vocha za simu. Alikuwa amejipangia maneno. Kama hawezi kupona kama Kadijah, angalau asionekane anaisha.

"Akram, mwanangu, iko kitu ya kunenepesha? Siyo mwili yote. Uso tu kidogo."

"Iko, mama! Ile ya mabibi harusi." Akram aliinama chini ya kaunta bila kusita. "Unameza, wiki mbili tatu, uso inajaa kama andazi. Mama Ladu hakukuambia? Yeye ni kastoma yangu wa hii. Karibu kila wiki."

Rosa alishika ukingo wa kaunta.

"Mama Ladu yupi?"

"Mama Ladu! Kadijah wenu wa milaya."

Akram alimwekea mkononi karatasi ya vidonge. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na Rosa aligeuza kimoja dhidi ya mwanga akikitazama kwa jicho lake la kulia. Hakuhitaji kuambiwa. Havikuwa hasa vile alivyopewa na Jada, lakini vilikuwa ndugu zao. Alikumbuka jinsi vile vilivyomjaza uso kidogo mwanzoni, na jinsi Jada alivyovikata nusu kwa wembe, na robo, ili azoee kuviacha. Vilizima moto wa jicho, hilo ni kweli. Vilizima moto na vilijaza mashavu. Basi mashavu yale hayakutoka Kampala. Yalitoka hapa, kwenye kaunta ya Akram, karibu na vocha.

Furaha iliyompata ilikuwa kubwa mno hata akaona aibu. Alinunua karatasi moja, si kwa kumeza, akaitia kwenye mkoba.

"Nimebadili mawazo," alimwambia Kenyi jioni. "Nakwenda Arua."

"Mungu mkubwa. Nani alikusemesha?"

"Akram."

Siku ya mfuko wa pili walifika Arua mapema na kukaa kwenye benchi lile lile. Kadijah alikuwa amevaa buibui jipya la bluu. Njia nzima alikuwa akisugua paji la uso. Rosa alisubiri mpaka mhudumu aliyekuwa akifagia apite.

"Mama Ladu, nataka kukuuliza kitu. Mashavu hii ulinunua wapi?"

Kadijah aligeuka.

"Mashavu inanunuliwa?"

"Kwa Akram inanunuliwa." Rosa alifungua mkoba kidogo, akamwonyesha ncha ya karatasi ya vidonge.

Mwanamke yule mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya soko akanong'ona. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Usiseme. Nakuomba, dada. Mfuko yangu ya pili iko ndani. Wakijua wananiondoa."

"Kwa nini ulimeza? Daktari alituambia."

"Kwa nini?" Macho ya Kadijah yalijaa machozi, na ukali ukamrudia. "Nilikuwa nakuona! Kila asubuhi unakuja na sindano zimetungwa zote, zimejaa kwa sponji kama nungunungu. Mimi natunga moja mpaka jasho inatoka. Nikasema, huyu amepewa MP, mimi nimepewa maji. Nikae tu niangalie? Ungekuwa weye ungekaa?"

Rosa alimtazama, kisha akacheka, kicheko kibaya kisicho na raha.

"Natunga nyumbani, mjinga weye. Gizani. Nalamba uzi mpaka ulimi inakuwa na rangi. Mchana mimi sioni hiyo tundu kabisa."

"Uongo."

"Haki ya Mungu."

Kisha mlango ukafunguka na Jada akaita jina la Kadijah.

Mlango haukufungwa. Kutoka benchini Rosa alimwona Kadijah akiweka kidevu kwenye mashine, na Jada akiinama upande wa pili, akitazama muda mrefu. Alimpima presha ya macho. Akampima tena.

"Mama Ladu, presha ya jicho imepanda sana. Haya si mambo ya ugonjwa wako wa zamani. Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna, daktari."

"Hata ya kienyeji? Hata ya kupaka?"

"Hakuna."

Jada aliketi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehangaika. "Presha hii ikiachwa inaua mshipa wa nyuma ya jicho, na mshipa huo haurudi. Ningejua inatoka wapi ningejua pa kuanzia. Sijui kama ni seli tulizokupa. Ikiwa ni seli, itabidi nisimamishe watu wote leo. Na Mama Tongun pia."

Kadijah alivuta buibui lake mabegani.

Rosa alisikia jina lake. Ikiwa atanyamaza, mfuko wake utarudishwa kwenye sanduku la baridi, na jicho lake moja litabaki kama lilivyo, likingoja moto mwingine. Ikiwa atanyamaza, Kadijah ataendelea kumeza mpaka apofuke na mashavu yake mazuri. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa nzuri. Lakini aliposimama, aliijua ile ya tatu iliyompa nguvu miguuni. Alitaka kuona sura ya Kadijah.

Aliingia, akaweka karatasi ya vidonge juu ya meza ya Jada.

"Anameza hii. Tangu mfuko ya kwanza. Kwa Akram, Koboko."

Jada aliichukua, akasoma, akafumba macho kidogo.

Kadijah alisimama. "Nyoka! Ulingoja siku hii!"

"Ndiyo," Rosa alisema. "Niliingoja."

Hakuna aliyetegemea jibu hilo, hata yeye mwenyewe. Jada aliinua mkono kuwatuliza, akapiga simu Kampala pale pale, akaongea kwa muda kwa Kiingereza. Alipokata aliwaeleza bila kuwapaka mafuta. Kadijah atatoka kwenye utafiti. Hawezi kupewa mfuko wa pili, kwa sababu hakuna awezaye tena kusema nini kimefanya nini mwilini mwake. Lakini hatatoka kwenye kliniki. Na Mama Tongun ataendelea, leo hii.

Rosa alilazwa kwenye kitanda chake. Cha pili kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Muuguzi alitafuta mshipa, dripu ikaanza kudondoka. Alikuwa ameshinda. Alitaka kuuonja ushindi, lakini mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango aliona kilichokuwa kikiendelea upande wa pili.

Jada alikuwa amevuta kiti mpaka karibu na Kadijah. Alimtilia matone mwenyewe, akimshika kichwa kama mtu anavyomshika mama yake. Alimweleza kwamba asiache vidonge ghafla, kwa kuwa mwili ulioshavizoea huanguka. Alikata karatasi vipande vipande akamwonyesha leo kiasi hiki, wiki ijayo kiasi hiki. Alimwambia wameiwahi, mshipa bado ni mzima sehemu kubwa. Kadijah alilia, naye akamngoja amalize kulia. Kisha mtu akaleta chai, kikombe kikubwa, ya maziwa, na mandazi mawili kwenye sahani.

Hakuna aliyemletea Rosa chai.

Alilala pale, seli za kutuliza zikimwingia mkononi, au maji ya chumvi, na akayaonea wivu hata mandazi.

Ni miezi mingi sasa tangu siku hiyo. Utafiti haujafungwa, na Jada bado hajui mfuko upi ulikuwa wa nani. Akiulizwa anasema kazi kama hii haina njia ya mkato, na kwamba watu wachache wa Arua na Koboko hawatoshi kuthibitisha jambo. Jicho la kushoto la Rosa limebaki na kivuli chake. La kulia halijawaka tena. Yeye mwenyewe hasemi amepona. Anasema limenyamaza.

Mashavu ya Kadijah yalishuka. Yaliposhuka, watu walianza kumuuliza kama ni mgonjwa, na familia ya Harriet nayo ikasikia. Shangazi alirudi uani, akakuta tausi bado hawajaanzwa, akamtazama Kadijah, akasema sasa katikati afanye Mama Tongun. Kadijah alisema sawa. Alikuwa hajazungumza na Rosa tangu Arua, ila kwa mambo ya nyuzi.

"Nipe kijani."

"Hii hapa."

"Siyo hii. Ile ya kukolea."

Rosa alianza tausi wa kwanza. Alishona kichwa, shingo, kifua, akaanza mkia. Alikuwa ameacha kuja na sponji. Sasa alitunga uzi uani, mbele ya kila mtu, na alipokosa alikosa. Mara moja alikosa mpaka Kadijah akashindwa kuvumilia.

"Lete hapa, unanichosha."

Akaitunga. Akamrudishia. Rosa aliipokea, akaitazama nafasi iliyobaki upande wa pili wa katikati, iliyokuwa ikimngoja tausi wa pili. Kwa haki ilikuwa yake. Shangazi alikuwa amesema.

"Yule fanya weye," alisema. "Mimi nikifanya wawili, harusi itapita."

"Shangazi yake atasema nini?"

"Atasema nini? Hawezi kujua hii ni mkono ya nani."

Kadijah alisita, akiwa na kiburi chake bado, kisha akasogeza mkeka. Wakainama, vichwa vyao karibu kugusana. Kwa saa nzima hapakuwa na sauti ila ya nyuzi kupita kwenye pamba. Kadijah alianza na mkia. Alishona macho ya manyoya moja moja, bluu ndani ya kijani ndani ya dhahabu, kila duara likiwa dogo kuliko lililotangulia.

Rosa aliinua kichwa. Kwa jicho lake la kulia, kutoka upande wake wa shuka, aliona kila mshono waziwazi, hata ule mwembamba wa dhahabu. Aliona pia kwamba mkia ule ulikuwa unatoka mzuri kuliko wake.

Moyo ukamuuma. Akachukua mkasi, akafumua mkia wake aliokuwa ameshaumaliza nusu, na akaanza upya.